Picha za harusi ukumbini: ngozi nyeusi, shela jeupe na taa za zambarau

#1 MwangaLaini

Wakuu, salaam kwenu.

Kasoro inayoletwa humu mara kwa mara ni ile ile: shela linaonekana hadi nyuzi zake lakini uso wa bibi harusi umezama, au uso umetoka vizuri na shela limeungua likawa kama karatasi tupu. Wenye kasoro hiyo wengi wanauliza wanunue kamera gani. Kamera mliyonayo inatosha. Tuweke hapa yale yanayofanya kazi ukumbini kwa watu wetu na rangi zetu.

Tuanze na kipimo cha mwanga. Kamera haijui kama mbele yake kuna shela au suti. Inadhani chochote ilichoelekezewa kinarudisha mwanga kama 18%, yaani kijivu cha katikati. Ukimjaza bibi harusi kwenye fremu, inaona weupe mwingi na inapunguza mwanga mpaka weupe ule uwe kijivu, na uso unashuka pamoja nao. Mgeukie bwana harusi mwenye suti nyeusi, inafanya kinyume, shati linaungua. Ndiyo maana kwenye A au P (kamera inapojichagulia mwanga yenyewe) picha mbili zilizofuatana chini ya taa ile ile zinatoka tofauti, na baadaye unakesha kuzisawazisha moja moja.

Weka M, upange mwanga mwenyewe. Chagua kipimo cha nukta (kinachopima sehemu ndogo tu ya fremu), elekeza kwenye shavu lililo upande wa mwanga. Usipime paji la uso, maana pale huwa pana mng'ao na kipimo kitadanganyika. Kisha usiweke sindano ya kipimo kwenye sifuri kwa kila mtu. Ngozi nyeusi tii ikae kama stopu 1 chini ya sifuri (stopu 1 ni mwanga mara mbili, au nusu yake). Maji ya kunde, theluthi moja chini au sifuri yenyewe. Mzungu au Mwarabu mweupe, stopu 1 juu. Ukiweka ngozi nyeusi tii kwenye sifuri umempausha mtu, na shela lililokuwa stopu 2 juu ya kijivu sasa liko stopu 3 na linaungua. Tofauti kati ya ngozi ile na shela lile ni kama stopu 3 tu, na sensa (kinasa mwanga ndani ya kamera) yoyote ya miaka kumi iliyopita inazibeba kwenye RAW, faili ghafi lenye akiba kuliko JPEG, bila shida. Kinachoharibu ni pale ulipoiweka hiyo tofauti.

Jambo la pili ndilo kubwa kuliko yote nitakayoyasema. Kwenye ngozi nyeupe, umbo la uso linasomeka kwa vivuli. Kwenye ngozi nyeusi linasomeka zaidi kwa mng'ao: ule mstari wa mwanga unaopita kwenye taya, mfupa wa shavu, daraja la pua. Mng'ao ni taswira ya taa yenyewe juu ya ngozi. Taa ikiwa ndogo, kama flashi uchi juu ya kamera, unapata madoa makali kwenye paji na pua, na kwingine kote giza. Taa ikiwa pana, mng'ao unatandazika na uso unapata umbo. Kwa hiyo kabla ya kuongeza nguvu ya taa, ongeza upana wake, na uisogeze pembeni.

Tatizo lenyewe lina historia. Kwa miaka mingi maabara zilizotumia vifaa vya Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Malalamiko yaliyochangia kuifanya filamu ishike vizuri rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani. Sensa za leo hazina kilema hicho. Kilichobaki ni mwanga na mikono yetu.

#2 Kivuli_Tanga

Uzi mzuri mkuu, nauhifadhi. Swali: ukumbi umefungwa vitambaa vya zambarau darini mpaka ukutani, na taa za LED za zambarau na bluu zimezunguka kote. Flashi ni moja juu ya kamera, nimeielekeza darini kama tunavyofundishwa. Nyuso zote zinatoka za zambarau na nikirekebisha waiti balansi ndiyo zinazidi kuwa mbaya. Nafanyaje?

#3 StendiMbili

@Kivuli_Tanga mwanga uliopiga kitambaa cha zambarau unarudi ukiwa zambarau. Flashi yako ilitoka nyeupe, kitambaa kikala kijani chote, kikarudisha nyekundu na bluu. Waiti balansi haiwezi kurudisha kijani ambacho hakikufika usoni. Ukivuta slaida kuelekea kijani, shela na mandhari ya nyuma vinageuka vyote.

Kudundisha mwanga kunahitaji dari jeupe la mita 3 hivi. Kumbi zetu kubwa zina dari la mita 5 au 6, limepambwa, na hata lingekuwa jeupe mwanga ungeshuka wima na kuacha mashimo meusi machoni. Kwa ngozi nyeusi mashimo hayo hayafutiki kwenye kompyuta.

Jibu ni kuishusha flashi kutoka kwenye kamera. Vifaa: flashi 2 ndogo, stendi 2 za kufika mita 2.5, triga 1 ya kuziwasha kutoka kwenye kamera, miavuli 2 myeupe ya kupitisha mwanga au softboksi (visanduku vya kitambaa vya kulainisha mwanga) za sentimita 60 hadi 90, mifuko ya mchanga 2 na gundi ya kitambaa. Mifuko ya mchanga si ya hiari. Watoto wanakimbia, kina mama wanacheza, mwavuli unashika upepo wa feni kama tanga. Stendi ikianguka inaangukia mtu.

Pa kuziweka: pembe mbili za uwanja wa kuchezea, zote upande ule ule wa meza kuu ili wewe ukiwa katikati ziwe pembeni yako, moja kulia moja kushoto, nyuzi kama 45, vichwa vikiwa juu kidogo ya watu na kuinamishwa. Moja iwe na nguvu kuliko nyingine kwa stopu 1 au 2. Zikiwa sawa, pua inapata vivuli viwili na uso unakuwa bapa.

Mpangilio wa kuanzia: 1/160 (kasi ya shata), f/2.8 (uwazi wa lenzi), ISO 1600 (wepesi wa kamera kupokea mwanga). Piga picha moja flashi zikiwa zimezimwa. Ikiwa nyuso zinaonekana wazi na ni za zambarau, mwanga wa ukumbi bado ni mkali mno. Panda mpaka 1/200 au shuka ISO 800. Unataka mwanga wa ukumbi usoni uwe stopu 2 hadi 3 chini ya flashi, hapo zambarau inabaki nyuma kama mapambo na nyuso zinamulikwa na flashi yenu. Mkumbuke kwamba kasi ya shata haigusi flashi mpaka upite kikomo cha kamera, ambacho kwa nyingi ni 1/200 au 1/250. Kwa hiyo shata ni ya ukumbi, nguvu ya flashi ni ya uso, na f pamoja na ISO zinagusa vyote viwili. Anayeelewa sentensi hiyo hasumbuliwi na ukumbi wowote.

Jeli (karatasi angavu ya rangi ya kuweka mbele ya flashi): kama ukumbi una taa za manjano za kawaida, bandika nusu CTO, ile ya chungwa, kwenye flashi, weka waiti balansi ya Kelvin 4000 kwenye kamera, nyuma na mbele vitafanana. Kwa taa za zambarau na bluu hakuna jeli ya kukusaidia. Wacha flashi nyeupe, weka 5500 hivi.

#4 MwangaLaini

Niongezee hapo. Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kufika saa mbili kabla ya sherehe kuanza na kuzungumza na mpambaji na fundi wa taa. Waombe taa za rangi zimulike kuta, pazia la nyuma na dari, zisielekezwe usoni pa meza kuu. Na waombe dakika chache za taa nyeupe au za manjano kwenye mambo matatu: kuingia kwa maharusi, kukata keki na kulishana, na utoaji wa zawadi kwa wazazi. Fundi akishajua mapema hakatai, kwake ni kubonyeza kitufe. Ukimfuata muziki umeshaanza hakusikii.

Mzungumze na wa video pia. Taa yake ya LED juu ya kamera ikiwa nyeupe na wewe umefunga jeli ya chungwa, picha zako zitakuwa na uso nusu wa bluu. Kubalianeni rangi moja.

#5 Lenzi_Arusha

Wakuu, flashi iwekwe nguvu kiasi gani? Kila video ninayoangalia inasema jaribu mpaka ipendeze. Maharusi wanaingia kwa dakika 4, sina nafasi ya kujaribu.

#6 StendiMbili

@Lenzi_Arusha hesabu ipo, na ukiifanya mara mbili tatu inakaa kichwani.

Kila flashi ina namba ya nguvu, ile inayoandikwa GN, kwa mita na ISO 100. Usichukue ile kubwa ya kwenye boksi, kama 60, hiyo ni ya zumu ya kichwa cha flashi ikiwa imevutwa mpaka milimita 200, mwanga ukiwa mwembamba. Kwenye milimita 35 flashi hiyo hiyo ni kama 36. GN ukiigawa kwa f unapata umbali. Kutoka ISO 100 kwenda 1600 unazidisha umbali kwa 4.

Kwa hiyo nguvu kamili, ISO 1600, f/2.8: 36 × 4 ÷ 2.8 = mita 51. Kila ukipunguza nguvu mara nne, umbali unakuwa nusu. 1/4 ni mita 26 hivi, 1/16 ni mita 13, 1/64 ni mita 6 na nusu. Hiyo ni flashi uchi. Mwavuli wa kupitisha unakula stopu 2, sawa na kuigawa nguvu kwa nne. Basi mtu akiwa mita 6 kutoka kwenye mwavuli, weka 1/16. Akiwa mita 3, 1/64. Flashi nyingi za bei ndogo zinatoa pungufu ya namba zao, anza na theluthi 2 za stopu juu ya hesabu.

Faida ya kufanya kazi kwenye 1/16 ni kwamba flashi inajaza upesi, haichemki, na betri 4 za AA za kuchaji zinamaliza sherehe. Anayepiga ISO 200 kwa nguvu kamili flashi inajizima kwa joto katikati ya keki. Msitumie alkalini za dukani, zinachelewa kujaza zikishapungua kidogo.

Wenye triga za Godox: kama kwenye ukumbi kuna mpiga picha mwingine mwenye Godox, flashi zako zitawaka kwa kidole chake. Badilisha chaneli na ID. Chaneli ziko 32 na ID hadi 99, kwa hiyo hamna sababu ya kugombana. Flashi ikiwa karibu sana na triga, chini ya mita 1, inaweza kugoma kuwaka. Kwenye menyu ya triga kuna mpangilio wa umbali, weka ule wa 0 hadi 30.

#7 Kivuli_Tanga

Nashukuru sana mkuu. Na kwa leo ambapo flashi bado ni moja?

#8 StendiMbili

Ondoa macho darini. Geuza kichwa cha flashi nyuma na pembeni yako, tafuta chochote cheupe na kipana: ukuta usio na kitambaa, mlango mweupe, shati jeupe la mtu aliyesimama nyuma yako, kadibodi nyeupe ya futi 3 akiishika msaidizi. Panda ISO 3200. Picha yenye chenga kidogo (punje punje za ISO kubwa) na mwanga mpana inachapika vizuri. Picha safi yenye doa la flashi kwenye paji la uso haina tiba.

Msaidizi akiwepo, mpe flashi hiyo moja kwenye fimbo ikiwa na softboksi ndogo, akufuate kwa umbali wa mita 2 upande wako mmoja. Hiyo ni bora kuliko stendi 2 kwenye ukumbi uliojaa.

#9 BintiPwani_Msa

Shukran kwa uzi. Niongeze ya huku pwani, maana harusi zetu haziishii ukumbini.

Nikaha msikitini: hakuna flashi, na asiulize mtu. f/2 au f/2.8, 1/125, ISO 3200 na kuendelea. Kaa upande wa dirisha, subiri bwana harusi na kadhi wageuze nyuso kuelekea mwangani wakati wa kushikana mikono. Kanzu nyeupe na kofia zinadanganya kipimo cha kamera vile vile kama shela, kwa hiyo maneno ya MwangaLaini yashikeni.

Sherehe ya kina mama: mpiga picha awe mwanamke, na msaidizi wake pia, na fundi wa taa akishafunga taa zake atoke. Makubaliano yaandikwe kabla: picha hazipandi mtandaoni, hazipelekwi studio ya nje kuhaririwa, anakabidhiwa bibi harusi au mama yake mkononi kwenye flashi ya USB. Wageni wengine wamevua buibui kwa sababu wameaminishwa. Ukipoteza kadi moja ya kamera hapo umepoteza mji mzima.

Hina: wengi wanaipiga picha usiku ule ule ilipopakwa, halafu wanashangaa imetoka ya chungwa. Hina halisi ikishabanduliwa huendelea kukolea kwa saa 24 hadi 48. Ipige siku inayofuata. Piko, ile rangi ya kuchorea, inakuwa nyeusi tangu mwanzo, hiyo haina haja ya kusubiri. Mwanga wa hina utoke pembeni, chini chini, dirisha moja linatosha. Mwanga wa mbele unaifuta michoro, na juu ya ngozi nyeusi ndiyo kabisa, hina inabaki kama kivuli. Lenzi ya makro (ya kupigia vitu kwa karibu) ya milimita 90 au 100, f/8, mkono ulale juu ya kitambaa cha rangi moja. Mafuta wanayopaka kuikoleza rangi yapanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, la sivyo unapiga picha ya mng'ao wa mafuta.

Na jasho. Kumbi za Mombasa na Dar zina joto. Bebeni karatasi za kunyonya mafuta, zile nyembamba za duka la vipodozi. Gusa, usisugue. Poda juu ya jasho inageuka majivu mbele ya flashi, hasa zile za kung'arisha ambazo hurudisha mwanga mweupe. Mwambie mpambaji wa bi harusi mapema kwamba mtatumia flashi, naye anajua aache ipi.

#10 Kivuli_Tanga

Dada @BintiPwani_Msa, kuna mtu alipiga nikaha kwa shata ya kimya ili asisumbue, picha zote zina mistari ya giza na mwanga. Kamera mbovu?

#11 BintiPwani_Msa

Si mbovu, kaka. Umeme wetu ni wa Hz 50, taa nyingi za LED na tyubu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya kimya inasoma sensa mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari mingine inasomwa taa ikiwa juu na mingine ikiwa chini. Weka 1/100 au 1/50, ambazo zinabeba mpepeso mzima, mistari inapotea au inapungua sana. Kamera ikiwa na kinga ya mpepeso kwenye menyu iwashe. Ikishindikana, rudi kwenye shata ya kawaida. Mlio wake hausikiki mbali ukikaa nyuma ya nguzo.

#12 StendiMbili

Nirudi kwa @MwangaLaini. Natofautiana nawe kidogo kwenye stopu 1 chini kwa ngozi nyeusi tii. Mimi naona theluthi 2 inatosha, hata nusu. Chenga zinakaa kwenye giza, na ngozi nyeusi iko karibu na giza. Ukianza chini halafu ISO ni 3200, shavu la upande wa kivuli linajaa chenga za rangi, na vijana wengi humu wanaishia kulinyanyua kwenye kompyuta. Bora liingie likiwa na mwanga wa kutosha, ulishushe baadaye.

#13 MwangaLaini

Nakubali kwa sharti moja. Uwe unapiga RAW, na onyo la kuungua, lile linalopepesa kwenye skrini, liwe limewashwa. Onyo lile linasoma JPEG ndogo iliyo ndani ya RAW, kwa hiyo shela likipepesa kidogo kwenye mikunjo bado lipo. Likipepesa eneo lote la kifua, ushonaji umepotea na hauwezi kurudi. Mtu wa JPEG abaki na stopu 1 chini, hana akiba.

#14 Lenzi_Arusha

Na picha za nje, kabla ya kuingia ukumbini? Bibi harusi wengi wanatoka saluni saa 9 alasiri jua likiwa bado kali.

#15 MwangaLaini

Panga ratiba kurudi nyuma kutoka kwenye machweo. Dar jua linazama kama saa 12 na dakika 10 jioni mwezi wa sita, na karibu saa 1 kasoro dakika 10 mwezi wa kwanza. Huku kwetu karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Ule mwanga wa dhahabu ni nusu saa ya mwisho, si zaidi, na baada ya kuzama una kama dakika 20 za mwanga wa anga, kisha giza. Anayesoma maelekezo ya Ulaya akategemea saa nzima na nusu ataachwa ufukweni gizani. Maharusi wawe pale saa nzima kabla, picha za familia zimekwisha, nusu saa ile iwe ya wao wawili.

Saa 9 na saa 10 tafuta kivuli, lakini chagua kivuli. Chini ya mwembe majani na nyasi vinarudisha kijani, na kijani kwenye ngozi ya kahawia kinamfanya mtu aonekane mgonjwa. Varanda ni bora, ukingoni mwake kabisa, uso ukitazama nje, nyuma kukiwa na giza la ndani. Kuta za chokaa za Mji Mkongwe au Lamu zilizopigwa na jua ni riflekta (kirudisha mwanga) kubwa kuliko yoyote utakayonunua. Mgeuzie bibi harusi ukuta, wewe ukae ukiupa mgongo. Riflekta ya dhahabu ikae kwenye begi, inafanya nyuso kuwa za shaba. Tumia nyeupe.

Ukilazimika kumweka jua likiwa nyuma yake: 1/200, ISO 100, f/8, na flashi. Kwa hesabu ya StendiMbili, flashi ndogo kwa nguvu kamili ikiwa uchi inafika mita 4 na nusu, kwenye mwavuli mita 2 na ushee. Basi mwavuli uwe karibu, nje kidogo ya fremu.

Na kitu kimoja kuhusu pwani. Kamera ikitoka kwenye chumba cha hoteli chenye kiyoyozi, lenzi inatoka jasho papo hapo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ungali ndani, kisha itoe nje ikae dakika 20 hadi 30 bila kufunguliwa. Usibadilishe lenzi ikiwa na unyevu, maji yanaingia kwenye sensa. Nyumbani, sanduku la plastiki lenye mpira mdomoni, silika jeli, na kipima unyevu cha bei ndogo, lengo ni 40% hadi 50%. Lenzi inayokaa ndani ya begi la kitambaa miezi miwili mji kama Tanga au Mombasa inaota kuvu.

#16 ChumbaChaGiza

Mmeongea upigaji, nami niseme uhariri na uchapaji, kwa sababu kazi nzuri inafia hapo.

Ngozi ya majivu, ile rangi ya kijivu kijivu usoni, karibu kila mara inatokana na slaida ya vivuli iliyovutwa mpaka +80 kwenye picha iliyopigwa giza. Slaida hiyo inanyanyua giza lote kwa pamoja: tofauti ya mwanga inapungua, rangi inafifia, chenga zinaamka. Fuata mpangilio huu kwenye Lightroom (programu ya kuhariri picha): waiti balansi kwanza, kisha mwanga wa picha nzima, kisha tengeneza maski (eneo teule) ya uso peke yake na uongeze nusu stopu, si zaidi. Vivuli viguse mwisho, +15 hadi +25. Halafu rudisha weusi chini kidogo ili nywele na suti zibaki nyeusi.

Soma namba za RGB (nyekundu, kijani, bluu) kwa kuweka kishale kwenye shavu. Ngozi zetu zote, nyeusi tii mpaka maji ya kunde, zinapaswa kuwa na R juu, G katikati, B chini. B ikifikia G, uso umeanza kuwa wa majivu au zambarau, hata kama jicho lako limechoka na halioni.

Mwangaza wa rangi ya chungwa, ule wanaouvuta +40 ili mtu "atakate", uacheni. Unamfanya bibi harusi awe mtu mwingine. Mama yake anamjua rangi yake. +5 kurekebisha kosa la mwanga inatosha.

Picha kutoka giza maabara: skrini yako inawaka mno. Laptopu ikiwa kwenye mwangaza wa juu kabisa, utahariri picha giza bila kujua. Lengo ni cd (kandela, kipimo cha mwangaza) 80 hadi 120 kwa mita ya mraba. Asiye na kifaa cha kupimia afungue ukurasa mweupe kwenye skrini, aweke karatasi nyeupe kando yake chini ya taa ya chumbani, ashushe mwangaza mpaka vifanane. Kisha apeleke picha 3 tu zichapwe inchi 4×6 kabla ya albamu: bibi harusi peke yake, bwana harusi mwenye suti, na kundi lenye ngozi mchanganyiko. Tuma JPEG ya sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida). Maabara ikikuuliza "turekebishe rangi?" sema hapana, la sivyo mashine itazipausha nyuso zote.

Ukubwa: inchi 8×10 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2400 × 3000. Ya ukutani 20×30 haihitaji 300. Sensa ya megapikseli 24 inatoa 6000 × 4000, ni nukta 200 kwa inchi, na picha hiyo inatazamwa kutoka mbali. Lakini angalieni uwiano. Sensa nyingi ni 3:2, 8×10 ni 5:4. Picha ya 6000 × 4000 ikikatwa kuwa 8×10 inabaki 5000 × 4000, umepoteza sehemu moja ya sita ya urefu. Kama ulipanga ukoo kutoka ukingo hadi ukingo, mjomba mmoja kila upande anakatwa. Acha nafasi.

Kadi: kamera yenye nafasi 2 iandike zote mbili kwa pamoja. RAW zilizobanwa za megapikseli 24 ni kama MB 25 kila moja, picha 2,000 ni GB 50, kwa hiyo kadi ya GB 64 inabeba harusi moja. Msifute picha moja moja ndani ya kamera ukumbini, na msifomati kadi mpaka nakala ziwe kwenye diski 2 tofauti na moja isiwe ndani ya begi la kamera. Wezi huchukua begi zima.

#17 Lenzi_Arusha

Umenigusa @ChumbaChaGiza hapo kwenye ukoo. Picha ya familia watu 20, safu 3, mstari wa mbele unaungua na wa nyuma giza. Halafu bwana harusi mweusi tii, bibi harusi mweupe, nikimpata mmoja nampoteza mwingine.

#18 StendiMbili

La kwanza ni umbali wa taa. Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali. Taa ikiwa mita 2 kutoka safu ya mbele na mita 3.5 kutoka ya nyuma, nyuma wanapata chini ya theluthi moja ya mwanga wa mbele, pungufu ya stopu 1.6. Irudishe taa nyuma mpaka mita 5 kutoka safu ya mbele, wa nyuma wawe mita 6.5: tofauti inashuka hadi robo tatu ya stopu. Nyanyua stendi juu zaidi na uilenge safu ya nyuma, wa mbele wapate ukingo wa mwanga, hapo zinakaribia kuwa sawa. f/5.6 au f/8, fokasi kwenye safu ya pili ya macho kwa safu 3. Nguvu inahitajika kubwa, kwa hiyo ISO 800 na flashi zote mbili upande mmoja, zimekaa pamoja kama taa moja.

La pili, hao maharusi. Kosa ni kuwamulika sawa. Mweke bwana harusi upande wa taa, bibi harusi upande wa mbali. Kisha geuza mwavuli ili katikati ya mwanga ipite kwa bwana harusi na bibi harusi apate ukingo wake. Nusu mita ya kusogeza mwavuli inaweza kukupa tofauti kubwa kati yao. Pima shavu la kila mmoja kwa nukta: usitafute namba zifanane, tafuta kila mmoja akae mahali pake, bwana harusi kwenye theluthi 2 chini, bibi harusi kwenye nusu juu. Shela litakuwa upande wa mwanga mdogo, kwa hiyo halitaungua. Wakibadilishana nafasi wakati wa kucheza, zunguka na wewe, taa iache ilipo.